Risasi Laini za Kaka

Napenda kulenga shabaha. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya watu wazuri, nikiwa nimeshika sahani ya pilau. Katika mikutano yetu ya akina mama wa Kitanzania huku Plano, mtu akiuliza mbona wikendi sikuonekana, nilijibu kwamba nilishuka Houston kumtazama kaka. Akiuliza mnafanya nini huko, nilisema, "Kaka ana mambo yake ya bastola, mimi namsindikiza tu." Hilo neno "tu" limefanya kazi ngumu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu Texas. Nilimsindikiza kaka mpaka nikawa na miwani yangu ya kukinga macho, viziba masikio vyangu vya rangi ya zambarau, na tabia ya kuhifadhi karatasi za shabaha zenye matundu yaliyokaribiana. Nazihifadhi chini ya nguo za ndani, mahali ambapo mwanamke wa makamo huweka vitu asivyotaka kuulizwa.

Basi sisindikizi. Napenda. Napenda kutoa nusu ya pumzi na kuizuia iliyobaki, napenda kidole kinavyovuta bila haraka, napenda tundu dogo linapotokea pale nilipotaka litokee, jambo ambalo katika sehemu nyingine za maisha yangu si la kawaida. Na ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyokaribia kukipoteza kitu hicho, na pamoja nacho nikakaribia kumpoteza kaka yangu, akiwa mzima, anakula vizuri, na anapokea simu zangu zote.

Kaka ni mfamasia mstaafu. Anaishi mtaa wa Sharpstown, Houston, katika fleti ya chini ambayo amekataa kuihama ingawa watoto wake wametawanyika na mimi nimemtafutia nyumba huku kwetu mara kadhaa. Wifi yangu alipofariki, fleti ile ilinyamaza. Kaka si mtu wa kulia mbele za watu. Ni mtu wa kusema "tunamshukuru Mungu," kisha anahamia habari za hali ya hewa, na kwa kuwa hali ya hewa ya Houston ni joto na leo joto tena, mazungumzo yalikuwa yakiisha mapema. Ijumaa baada ya kazi nilikuwa nikiteremka na barabara kuu ya arobaini na tano, nakaa naye, tunatazama televisheni iliyopunguzwa sauti, halafu Jumapili narudi Plano nikiwa sijui chochote zaidi ya nilichokuwa najua wakati wa kwenda.

Kisha mwenzake mmoja wa zamani kazini akampeleka kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, na kaka akanunua rivolva. Mara ya kwanza aliponichukua nami, nilikwenda na msimamo. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima kuhusu bastola na nchi hii, yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Sikuitoa. Kilichonizuia si bastola. Ni kwamba kaka alizungumza. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri zamu, viziba masikio vimening'inia shingoni, na bila kunitazama alianza kunieleza wiki ya mwisho ya wifi hospitalini. Alieleza alichokula, alichokataa kula, na jinsi alivyomwomba amkate kucha. Macho ya kaka yalikuwa kwenye karatasi ya mtu mwingine kule mbele. Tulipoitwa, akasimama, akapiga risasi zake kwa utulivu, akarudi, akaendelea na sentensi pale alipoiacha.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa uwanjani. Nilijiambia naenda kwa ajili yake, na kwa muda ilikuwa kweli.

Halafu nikavunjika kifundo cha mkono. Nina shahada mbili za fasihi, na kazi ninayolipwa ni kuandikia kampuni kubwa hapa Plano maelekezo ya usalama: namna ya kuinua boksi, namna ya kukaa kwenye kiti bila kuumia. Februari moja niliteleza kwenye barafu mlangoni pa ofisi nikiwa nimekumbatia mabango ya kuwatahadharisha wafanyakazi juu ya barafu. Mabango niliyaandika mwenyewe. Wenzangu walikuwa na adabu, walisubiri hadi plasta ilipotolewa ndipo wakacheka.

Mfupa uliunga, lakini teke la rivolva sikuliweza tena. Kila risasi niliyopiga ilipanda hadi kwenye kiwiko kama mtu aliyenipiga kwa mwiko. Nilimwambia kaka kwamba sasa nitakuwa nakaa kwenye benchi nikimtazama. Hakubisha. Alisema pole mara moja tu, akaniuliza kama napata usingizi, akabadilisha mada. Miezi michache baadaye niliposhuka, nilikuta meza ya cherehani ya wifi, katika kile chumba kidogo alichokuwa akishonea, imefungiwa mashine ya chuma yenye mkono mrefu. Kando yake palikuwa na mizani ya kupimia vitu vidogo, na vitabu viwili vinene vya vipimo vilivyojaa vipande vya karatasi alivyoweka kama alama. Kaka alikuwa amejifunza kutengeneza risasi. Alikuwa akinitengenezea laini.

Risasi, kwa asiyeijua, ni mkusanyiko wa vitu vinne. Kuna ganda la shaba. Kitakoni mwa ganda kuna fataki, inayowaka ikigongwa. Ndani kuna baruti. Juu kuna kichwa, kile kipande kinachoruka. Ukipunguza baruti na ukaweka kichwa chepesi, teke linapungua. Nilidhani kwa hiyo laini ndiyo salama, nikasema hivyo.

"Laini ndiyo inayodanganya," kaka alisema. Alinionyesha ganda lililotiwa baruti, nikachungulia. Baruti ilikuwa kidogo, imelala chini kabisa kama sukari iliyobaki kikombeni. "Unaona nafasi iliyobaki? Nikijisahau nikamimina tena, itaingia na haitamwagika. Risasi itaonekana sawa na nyingine. Bastola itapasuka mkononi mwako."

"Na ukisahau kumimina kabisa?"

"Fataki peke yake itakisukuma kichwa kiingie kwenye mtutu, kikwame humo. Ukipiga nyingine nyuma yake, itapasuka vilevile."

Ndiyo maana alikuwa na masharti, na mfamasia akiwa na masharti huwa hayapungui. Vipimo vilitoka kitabuni, haendi juu ya kiwango wala hashuki chini ya kile cha chini kabisa, hata mkono wa dada yake ungelia namna gani. Kopo moja tu la baruti mezani. Hakuna chakula chumbani kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi, na ukitoka unanawa kwa sabuni kabla ya kugusa hata kitasa cha jokofu. Simu inabaki sebuleni. Maganda yanasimama kwenye kibao chenye matundu, yanajazwa kwa mstari, na mwisho anamulika kibao kizima kwa tochi akitazama kama baruti iko kimo kimoja kila mahali. Na akiwa anajaza, hasalimiwi. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa gumu kwetu. Mimi nilizaliwa nikifundishwa kwamba mtu akipita bila kumwamkia mkubwa wake amemtukana yeye na waliomzaa. Nilikuwa nanyata kupita mlango wa chumba kile nikiwa na "shikamoo" imenikaa kooni.

Mara ya kwanza nilipopiga risasi zake, nilishangaa hadi nikageuka kumtazama, kosa ambalo alinikemea hapohapo. Mkono haukuuma. Bastola ilisukuma kiganja kama paka anayetaka kupishwa. Kaka alinywa maji, akasema, "Zinakufaa?" Nikasema zinanifaa. Akasema, "Sawa." Hayo ndiyo maneno yetu ya mapenzi, na tuliishi nayo vizuri.

Sasa nimlete jirani. Ni mama wa Kirundi, Mkatoliki wa kila Jumapili, anayefua shuka katika hoteli moja, aliyefika Texas baada ya miaka mingi ya kambi. Tangu wifi afariki amejipa kazi ya kumlisha kaka. Jumamosi moja alikuja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, akaupiga mlango kwa kiwiko maana mikono yake ilikuwa na mzigo. Nikamfungulia.

"Muzee yuko wapi?"

"Yuko chumbani, mama, anapima baruti. Tumwache kidogo."

"Anapima baruti." Akaliweka bakuli mezani kwa uzito. "Mie nilikimbia masasi mpaka Kigoma, yeye anayapika kama maharage. Na watu hawasalimie?"

"Atakusalimia akimaliza. Akiwa pale hasemeshwi."

"Nani alisema?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi yeye mwenyewe ataniambia."

Nilikuwa natafuta kifuniko cha bakuli, na kabla sijakipata alikwisha kusimama mlangoni kwa kaka. "Muzee, uko mzima?"

Kaka anaweza kuiacha simu ilie hadi ichoke. Aliwahi kuipuuza kengele ya moto ya jengo zima hadi alipofunika kopo la baruti na kulirudisha kabatini. Lakini hapa alikuwa amesimama mama mtu mzima aliyemletea chakula, anamjulia hali. Nilisikia kiti kikigeuka.

"Mzima, mama. Habari za tangu juzi?"

"Nzuri. Mugongo?"

"Unaendelea vizuri."

"Unakunywa maji?"

"Nakunywa."

"Watoto walipiga simu?"

"Walipiga wote, mama."

"Na huyu mutoto wako wa Plano, mbona anakonda?"

Mutoto alikuwa mimi, mwenye mvi, na sikuwa nimekonda, jambo lililonifanya nimpende zaidi mama yule. Salamu ziliendelea. Zilifika kwenye mgongo wa mama mwenyewe, zikafika Bujumbura, zikarudi. Hatimaye akaja jikoni ameridhika, akaniambia, "Unaona? Hakukufa mutu." Kaka akarudi kwenye kibao chake. Baadaye akatoka, akanawa mikono kwa muda mrefu kama kawaida, tukala sombe.

Jumapili tulikwenda uwanjani. Risasi za kwanza zilikuwa kama zilivyokuwa siku zote. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu. Kisha nikavuta, na badala ya mlio nikasikia kitu kama mtu aliyeangusha kitabu kwenye zulia. Mkono haukusukumwa kabisa. Karatasi haikupata tundu jipya.

Kidole kina mazoea yake. Kikishavuta, kinataka kuvuta tena. Lakini alikuwa amenifundisha kwamba ukisikia kitu cha ajabu, unasimama, na wala huhitaji kujua ni nini.

"Kaka, hii haikupiga teke."

"Usivute."

"Sijavuta."

"Toa kidole. Mdomo wa bastola uelekee mbele."

"Kidole kiko nje, kaka. Mdomo uko mbele."

"Subiri hivyohivyo. Hesabu taratibu kwanza, huenda imechelewa kuwaka." Tukasubiri. "Haya. Fungua, toa zote, weka chini."

Nikafanya hivyo, nikainua mkono. Msimamizi wa uwanja, mama wa Kimarekani mwenye kofia ya jua, alikuja na kijiti kirefu cha shaba akakipitisha kwenye mtutu. Hakikupita. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama mle ndani. Akakigonga taratibu hadi kikatoka, akakiweka kwenye kiganja changu, akaniuliza nani alinifundisha kusimama bila kuvuta tena. Nikamwonyesha kaka. Kaka alikuwa anatazama maegesho ya magari.

Tukarudi nyumbani. Alifunga mlango wa chumba cha wifi tukiwa ndani wote wawili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanipa nyundo ya plastiki yenye uwazi kichwani. Unaingiza risasi humo, unaigonga nyundo kwenye kigogo cha mti, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika ndani ya nyundo, salama. Tulizifungua zote zilizobaki katika fungu lile. Mimi nagonga, yeye anapima. Moja baada ya nyingine zilikuwa sahihi, na nilianza kuona haya kwa niaba ya hofu yetu. Kisha akapima moja, akaipima tena. Akaigeuza mizani ili nami nione.

Ilikuwa imemiminwa mara mbili.

Tuliielewa bila kuelezana. Mama aliposalimia, kaka alikuwa katikati ya mstari. Aliporudi alianza tundu moja nyuma, na mbele kidogo, akihisi kuna kitu hakiko sawa, akaruka moja. Nusu ya kwanza alikuwa ameimulika kwa tochi kabla ya salamu, na baada ya salamu aliamini amekwisha kumulika kibao kizima.

"Hii ingekuwa mkononi mwako," alisema.

"Haikuwa, kaka."

"Ingekuwa katika mkono uleule."

Alimwaga baruti yote ya fungu lile kwenye bakuli la maji. Akalegeza mashine kutoka kwenye meza ya cherehani, akaitia kwenye boksi pamoja na mizani na vitabu, akaliziba kwa utepe wa gundi. Aliziba vizuri mno. Ni mimi ninayefundisha watu kuinua boksi, nikalipeleka kabatini.

Sikuogopa mkono wangu. Risasi laini za dukani zipo, nilizinunua, zinapiga teke kidogo zaidi ya zake lakini mtu mzima anaweza kuvumilia. Nilichoogopa nilikisikia kwenye simu wiki iliyofuata.

"Shikamoo kaka. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Tunamshukuru Mungu. Huku joto."

Ilikuwa imerudi ile sauti ya mwanzo, ya baada ya msiba. Nilimwambia nitashuka twende uwanjani na risasi za dukani. Akasema niende tu na rafiki zangu wa Plano, yeye mgongo unamsumbua. Sikuwa na rafiki wa Plano wa kwenda naye, kwa sababu rafiki zangu wote nilikuwa nimewaambia kwamba nasindikiza. Niliposhuka tulitazama televisheni. Mara moja nilimkuta amekaa mbele ya meza tupu ya cherehani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani. Nikasema shikamoo. Akajibu vizuri, akaniuliza habari za kazi, za watoto, za barabara, kwa mpangilio, hakuacha hata moja.

Jirani naye aliona. Alinivuta nje karibu na mashine za kufulia.

"Muzee amebadilika," akasema. "Sasa anasalimia sana. Mie sipendi. Anasalimia kama mutu anayeaga."

"Ile siku uliyokuja na sombe, mama," nikaanza, kisha nikaacha, kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba heri angekuwa hana adabu?

"Najua," akasema. "Aliniambia, 'Si wewe, mama, ni miye.' Alisema mara nyingi. Mutu akisema mara nyingi hivyo, hajajisamehe."

Nilijua dawa yake. Ilikuwa sentensi moja: endelea kutengeneza, nami nitakuwa naangalia nyuma yako. Nikiwa mtu wa kuandika, niliiandika sentensi hiyo kwa namna nyingi, na kila namna ilikuwa na "labda" nyingi kuliko maneno mengine. Maana sijawahi kumkosoa kaka. Aliwahi kunielekeza kwa simu njia isiyo sahihi ya kutoka barabara kuu, nami nikijua kabisa si yenyewe. Niliifuata, nikapotea katika mitaa ya Conroe, nikafika kwake nimechelewa na nikamwambia foleni ilikuwa kubwa. Kwetu mkubwa hakaguliwi. Anaheshimiwa, anaombewa, na akikosea unakosea naye ili asijisikie mpweke. Kumwambia kaka nitaangalia nyuma yako ingekuwa sawa na kumwambia amezeeka, na hilo lilikuwa ndilo neno alilokuwa akijiambia mwenyewe kila alipokaa mbele ya meza ile.

Kwa hiyo nilisubiri. Majira yakageuka. Kifundo changu kikapona kadiri kitakavyopona. Kila nilipompigia, joto lilikuwepo na Mungu alishukuriwa.

Mchana mmoja nilikuwa Euless. Nilikuwa nimetoka kumshusha binti yangu uwanja wa ndege, nimeegesha mbele ya duka la donati nikijadiliana na nafsi yangu. Simu ikalia. Alikuwa kaka, ambaye kwa kawaida hapigi, hupigiwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Unaendesha?"

"Nimeegesha."

"Zima injini."

Nikazima. Katika ukoo wetu mtu akikuambia uzime injini, kuna msiba. "Ni nani?" nikauliza.

"Nani nini?"

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Kiyoyozi cha gari lako kina kelele, nami nataka unisikie." Akavuta pumzi. "Dukani, miaka yote ile, sikuwahi kutoa hata dawa ya mafua bila mtu wa pili kutazama. Nilijaza, mwenzangu akatazama. Akajaza yeye, nikatazama mimi. Mwingine alikuwa binti mdogo ametoka chuo juzi, na alinirudishia chupa, nami nikasema asante. Hakuna aliyeona ametukanwa. Kisha nikastaafu, nikafunga mlango, nikawa najaza na kujitazama mwenyewe."

"Ndiyo kaka."

"Usiniambie ndiyo kaka. Ndiyo kaka ndiyo iliyotufikisha hapa."

Jibu lingine pekee nililokuwa nalo lilikuwa "sawa kaka."

"Nimelifungua boksi," akasema. "Nimesoma tena. Kuna baruti nyingine, nyepesi, imefura kama makapi, inajaza ganda. Ukiimimina mara mbili inafurika mezani, kila mtu anaona. Kitabu kina vipimo vyake kwa rivolva yetu, na bado ni laini. Lakini baruti peke yake haitoshi. Nataka mtu wa pili. Nikimaliza kujaza, mimi natoka chumbani. Wewe unaingia na tochi. Unapima maganda utakayochagua wewe, siyo nitakayokuonyesha. Ukiwa na shaka na moja, unamwaga kibao kizima. Huniulizi."

"Na ukikasirika?"

"Nitakasirika. Utamwaga tu."

Dirishani pa duka la donati mwanamke alikuwa anapanga trei mpya, moja moja, bila haraka. Nilimtazama kwa sababu sikutaka kaka asikie pua yangu.

"Mama jirani nimeshamwambia," akaendelea. "Nimemwomba, nikiwa mle ndani, akusalimie wewe kwa niaba yangu. Amesema atafikiria. Njoo Jumapili, yeye akiwa kanisani. Jumamosi nina fundi bomba."

"Nitakuja."

"Unakula?"

"Nakula, kaka."

"Haya. Basi tuonane Jumamosi."

Zamani ningesema ndiyo. Ningeshuka Jumamosi, nimkute fundi bomba chini ya sinki, nisingizie nilikosea siku, na kulala pale hadi Jumapili. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kufanya hivyo.

"Umesema Jumapili," nikasema.

"Nimesema Jumamosi."

"Sasa hivi umesema Jumamosi. Mwanzo ulisema Jumapili, na ndiyo sahihi. Jumamosi una fundi."

Nilisikia gari likipita upande wake wa Texas na jingine upande wangu. Niliutafuta ufunguo wa gari bila kujua nautakia nini.

"Kweli," akasema. "Jumapili."

Hakukata simu. Baada ya muda akaanza kunieleza jinsi wifi alivyokuwa akishona katika chumba kile. Alihesabu mishono kwa sauti, na mtu akija mlangoni aliinua kidole kimoja bila kugeuka, na kila mtu, hata askofu aliyekuja siku moja kubariki nyumba, alisimama akasubiri hadi akamilishe mstari. Alisema hakuwahi kujua wifi alikuwa akifanyaje hata watu wasimchukie. Akaendelea na habari ya gauni fulani, na ya askofu. Ndani ya gari joto likawa linapanda, jasho likanitiririka shingoni, nami sikuwasha injini.